Asilale Peke Yake: Namna ya Kuwaeleza Watu Kuhusu Kifo cha Ghafla cha Kifafa

Kijana mwenye kifafa amekula na wenzake jioni, ameaga, ameingia kulala kwenye simba yake, yaani nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, na asubuhi mlango haufunguki. Kabla jua halijapanda yupo anayesema amerogwa, yupo anayesema alitiliwa sumu kwenye kinywaji, na yupo anayeuliza kama jiko la makaa lililala ndani. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba kifafa chenyewe huweza kuua namna hii, usingizini na bila kelele, na kwamba madaktari wanakijua kifo hicho na wamekipa jina. Kwa kifupi wanakiita SUDEP, yaani kifo cha ghafla na kisichotarajiwa cha mtu mwenye kifafa, ambacho hakikuletwa na kuumia, kuzama majini wala kifafa kisichokatika, na ambacho hata maiti ikichunguzwa haionekani sumu wala ugonjwa mwingine wa kukieleza.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka jambo hili lijulikane katika vijiji na mitaa ya Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega: wahudumu wa afya ya jamii, walimu, wachungaji, viongozi wa vyama vya akina mama, na jamaa wa wagonjwa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa pamoja na kikundi cha wazazi, na mengi ya nitakayoyaeleza niliyajua baada ya kukosea.

Kosa kubwa zaidi nililifanya katika mkutano wetu wa kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa pembezoni mwa Ahero. Nilianza na kifo. Nilidhani uzito wa habari ungewafanya watu wasikilize, nao kweli walisikiliza, kisha wakaondoka kimya. Wiki tatu baadaye nilimtembelea mama mmoja ambaye hakurudi kikundini, nikakuta bintiye wa miaka 13 hajakwenda shule tangu siku ile. Juu ya mto palikuwa na kipande cha leso chenye fundo kila upande: usiku mama alikuwa akiufunga mguu wa mtoto na mguu wake mwenyewe, ili mtoto akitikisika naye aamke. "Mwalimu," aliniambia, "ulisema anaweza kufa nami nimelala. Hukusema nifanye nini." Tangu hapo sitamki kifo kabla sijampa msikilizaji jambo ambalo anaweza kulifanya usiku huohuo, na namsihi kila anayeanza kazi hii afuate utaratibu huo hata kama ameombwa kuzungumza kwa dakika tano tu.

Jifunze kwanza, kwa maana utaulizwa

Swali la kwanza huwa ni kama jambo hili hutokea mara nyingi. Jibu la kweli ni kwamba ni nadra, lakini si nadra kiasi cha kunyamaziwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na vyama vya madaktari wa ubongo na wa kifafa vya Marekani ulikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, takriban mmoja hufa kwa namna hii kila mwaka. Kwa watoto ulikadiria mmoja kati ya 4,500, ingawa tafiti za Uswidi na Kanada zilizofuata zilionyesha kwamba watoto hawako mbali na watu wazima. Zingatia kwamba hesabu hizi zimetoka katika nchi ambako wagonjwa wengi hupata dawa. Huku kwetu Kenya, utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wenye kifafa cha kutetemeka mwili walikuwa wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara sita ya majirani zao, ukijumlisha vifo vya kila aina, na kwamba wasiotumia dawa ipasavyo walikuwa hatarini zaidi.

Takwimu za nchi nzima hazimgusi mtu aliyeketi kwenye benchi la zahanati, kwa hiyo zipigie hesabu ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 4 na 10 katika kila 1,000 wana kifafa kinachowashika. Wadi yenye watu 30,000 ingekuwa basi na wagonjwa kati ya 120 na 300, na kwa kiwango kile cha mmoja kwa elfu ingepata kifo kimoja cha namna hii kila baada ya miaka mitatu hadi minane. Hapo ndipo ilipo sababu ya wanakijiji kutokigundua. Kila kifo huja peke yake, miaka imepita tangu kile cha kabla yake, na kila kimoja hupewa kisa chake: huyu alirogwa na shangazi, yule alikunywa pombe haramu, mwingine alikosa hewa. Ukisimama mbele ya watu ukawaeleza hesabu hii, mara nyingi utamwona mzee mmoja akimgeukia mwenzake na kutaja jina la mtu aliyezikwa zamani.

Swali la pili ni namna kinavyoua. Mwaka 2013 watafiti kutoka nchi kadhaa walichapisha uchambuzi wa vifo vilivyotokea ndani ya wodi ambako wagonjwa walikuwa wakipimwa ubongo na moyo kwa mitambo usiku na mchana. Walikuta kwamba mgonjwa alishikwa mwili mzima, akakakamaa na kutetemeka. Tetemeko lilipokoma alipumua haraka kwa muda mfupi, kisha pumzi na moyo vikalegea pamoja, pumzi ikakatika, na moyo ukasimama baadaye. Mengi ya matukio hayo yalikuwa ya usiku na wengi walikuwa wamelala kifudifudi. Waeleze watu hivyo hivyo, kwa maneno hayo, bila kuongeza vitisho. Hatari kubwa haipo katika kutetemeka kunakoogopwa na kila mtu. Ipo katika dakika chache baada ya hapo, wakati ambapo waliokuwa wakipiga kelele wanashusha pumzi na kusema amelala.

Ni nani aliye hatarini zaidi? Ni yule anayeshikwa mwili mzima. Mwongozo wa 2017 ulieleza kwamba anayeshikwa hivyo mara tatu au zaidi kwa mwaka ana hatari ya takriban mara 15 kuliko asiyeshikwa hivyo kabisa. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache darasani kisha akaendelea kuandika hayumo katika kundi hilo, na mama yake anastahili kuambiwa hivyo waziwazi ili naye apate usingizi.

Simba, povu na kulala peke yake

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi, na ningekushauri nawe ufanye hivyo. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2020 ulilinganisha waliokufa kwa SUDEP na wagonjwa wengine wa kifafa, ukakuta kwamba mtu anayeshikwa mwili mzima na pia analala bila mwenzake chumbani alikuwa na hatari ya takriban mara 67 ya yule ambaye hashikwi hivyo na analala na mtu. Sasa tazama desturi zetu. Kijana wa Kiluo akibalehe hujengewa simba yake na kulala huko, na jirani zake Waluhya nao wana nyumba zao za vijana. Ni desturi nzuri, nami sina nia ya kuibomoa. Lakini juu yake ipo hofu ambayo haina uzuri wowote, kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza, ambayo humfanya mgonjwa apewe sahani yake, kikombe chake, na hatimaye chumba chake cha peke yake, hata akiwa msichana ambaye desturi haikumtaka alale mbali. Hofu ya kuambukizwa humpeleka mgonjwa mahali palepale ambapo kifafa kinaweza kumuua bila mtu kujua.

Kwa hiyo, ukiwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, sema hili: kifafa hakiambukizi, na anayeshikwa usiku asilale peke yake. Liseme kwa lugha ya mahali ulipo. Kwa Kiluo ugonjwa huu huitwa ndulme, na nimegundua kwamba watu wakisikia neno hilo likitamkwa hadharani bila sauti kushushwa, nusu ya kazi imekwisha. Kiswahili nacho kina ugumu wake, kwani kifafa linasikika kana kwamba lina kufa ndani yake. Wagonjwa wengi hupendelea kusema tu kwamba "wanashikwa", na hakuna sababu ya kuwasahihisha.

Tahadhari iliyopo ni kwamba ushauri huu usigeuke kifungo. Mtu mzima wa miaka 25 hawezi kuamriwa arudi kulala sakafuni kwa mama yake. Keti naye kwanza yeye mwenyewe kabla hujazungumza na wazazi, umweleze unayoyajua, umuulize ni nani angependa awe karibu. Kijana mmoja wa Maseno aliyeapa kwamba hangeihama simba yake alikubali binamu yake ahamie humo pamoja naye, kwa sharti kwamba binamu alipe nusu ya pesa za umeme. Mwingine alichagua kuacha komeo la ndani bila kufungwa, na kaka yake akawa anampitia akirudi kazini saa sita usiku. Mipango hii haifuti hatari yote, kwani wapo waliokufa hata walipokuwa na watu karibu, na hakuna kifaa kilichothibitishwa kuzuia kifo hiki. Hata hivyo, mlango unaofunguka na sikio lililo karibu ni bora kuliko kufuli.

Onyesha kwa mikono

Usieleze huduma ya kwanza kwa maneno matupu. Tandika mkeka, umwombe mtu mwenye mwili mkubwa alale, kwa sababu kila mtu anaweza kumgeuza mtoto lakini wengi hushindwa na mtu mzima. Mimi humwita mwendesha bodaboda. Akiigiza kutetemeka, waonyeshe kwamba tunasogeza meza na jiko, tunaweka leso iliyokunjwa chini ya kichwa, tunatazama saa, basi. Hatumshiki mikono kwa nguvu, hatumtii kijiko mdomoni, hatummwagii maji, hatumnusishi kiatu. Tetemeko likikoma, piga magoti ubavuni pake. Mkono wake ulio upande wako ulaze wazi, ule wa mbali uulete kifuani mpaka kiganja kiguse shavu, kisha uinue goti la mguu wa mbali na kulivuta kuelekea kwako. Mwili wote utafuata, hata wa mtu wa kilo 90, na hapo kinamama hucheka kwa mshangao na kutaka kujaribu wenyewe. Waache wajaribu wote. Kikao changu kikiwa na watu 20, zoezi hilo peke yake hula saa nzima, nami siihesabu kuwa imepotea.

Siku moja bibi mmoja aliinama juu ya yule wa bodaboda, mkono wake ukabaki hewani. "Mwalimu, na hilo povu likinimwagikia?" Nikamjibu, "Utanawa kwa sabuni, Mama, kama unavyonawa ukishampangusa mjukuu makamasi." Akamgeuza. Jibu refu la kitaalamu lisingemfikisha hapo.

Kisha ukae palepale, na uwafanye wote wakae palepale, kwa dakika kadhaa za kimya huku mkono ukiwa juu ya mbavu za aliyelala. Hii ndiyo sehemu ambayo mafunzo mengi huiruka. Anayepumua vizuri utamhisi akipanda na kushuka. Usimwache mpaka azinduke na kukujibu kwa jina lako. Asipopumua, mlaze chali, piga kelele upate msaada na usafiri, na uanze kukandamiza kifua katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akiwa ametetemeka zaidi ya dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali bila kungoja. Na anayekutwa amelala kifudifudi baada ya kushikwa ageuzwe mara moja.

Dawa, makesha na madhabahu

Kinga yenye uzito zaidi ni kukomesha kule kushikwa kwenyewe, na dawa ndiyo njia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Vidonge vya fenobarbitali ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, ingawa kuna miezi ambayo zahanati huishiwa. Mfundishe mgonjwa aende kuchukua vidonge vingine kabla havijabaki vya wiki moja, na ajue kwamba kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kushikwa kubaya kuliko kule kwa mwanzo. Daftari la shilingi ishirini linatosha kuandikwa tarehe ya kila kushikwa na kila siku ambayo dawa ilikosekana. Mgonjwa akilifungua mbele ya daktari, mazungumzo hubadilika.

Safari za nyumbani ndizo humaliza mpango. Mtu anatoka Nakuru kwenda matanga Busia, amesahau vidonge mezani, anakesha usiku mbili, anapewa chang'aa ili avumilie baridi. Kukosa usingizi, pombe na kuruka dawa ni mambo matatu yanayojulikana sana kwa kuamsha kifafa, na matanga huyaleta yote kwa pamoja. Sikatazi mtu kwenda kuzika. Namwambia abebe dawa mfukoni badala ya kwenye begi, na alale mapema bila kuona haya.

Kuhusu makanisa, usiende kubishana. Mchungaji anayemwombea mgonjwa ni mtu ambaye mgonjwa humsikiliza kuliko wewe. Mwendee faraghani, umweleze kilichompata mtu aliyetupa vidonge vyake madhabahuni, umwombe aongeze sentensi moja baada ya maombi: endelea kumeza dawa mpaka daktari aseme. Wengi niliowaendea kwa heshima walikubali. Yule aliyekataa alibadilika baada ya mwanakwaya wake kuanguka katikati ya ibada, na muuguzi aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma kumgeuza ubavu mbele ya kanisa lote.

Shule za bweni

Eneo letu limejaa shule za bweni, na mzazi mara nyingi huificha hali ya mtoto ili asikataliwe. Zungumza na matroni kabla ya mwalimu mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua bweni usiku. Omba mambo machache yanayowezekana: mwanafunzi alale kitanda cha chini, kisicho kwenye kona, wenzake wawili aliowachagua mwenyewe wafundishwe kumgeuza, dawa zihifadhiwe mahali anapoweza kuzifikia hata mhusika akiwa likizo, na aruhusiwe kulala inavyotosha badala ya kuamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo. Ombi la mwisho ndilo hupingwa zaidi. Usiliache.

Siku na majukwaa

Siku ya Kifafa Duniani ni Jumatatu ya pili ya Februari, na tarehe 26 Machi watu wengi duniani huvaa zambarau kwa ajili ya kifafa. Siku hizo hurahisisha kupata nafasi katika redio za lugha za mama au katika baraza la chifu. Lakini kwa maoni yangu, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba mia moja mwaka mzima huwafikia watu kuliko maandamano ya asubuhi moja, kwa hiyo anza na yeye, tena mpe zoezi la mkeka kabla ya kumpa fulana.

Kifo kinapokuwa kimekwisha kutokea

Usilizungumzie jambo hili kwenye matanga, hata ukipewa kipaza sauti. Familia inahitaji kuzika kwanza. Lipo, hata hivyo, jambo moja la kufanya mapema: kifo cha nyumbani huandikishwa na naibu wa chifu, naye huandika chanzo kama anavyoelezwa na jamaa. Wakutane manaibu wa chifu wa eneo lako siku ya kawaida, wakati hakuna msiba, uwaombe wawe wakiuliza kama marehemu alikuwa na kifafa na alikutwa amelala vipi. Penye mashaka ya sumu au ya kuuawa, uchunguzi wa maiti hutuliza ugomvi ambao ungeweza kuchoma nyumba ya mtu asiye na hatia.

Baada ya mazishi, ukienda, nenda bila karatasi. Mzazi atakuuliza kama angeamka mapema mtoto angepona, na hakuna anayeweza kujua hilo. Mjibu kwamba kifo hiki kina jina, kwamba wengi wamekufa hivyo hata penye watu na mitambo, na kwamba yeye hakuambiwa mapema. Kisha uulize kwa upole kama yupo mwingine nyumbani anayeshikwa, na analala wapi. Vidonge vya marehemu vilivyobaki vichukue uvirudishe zahanati, kwa maana mara nyingi vitapewa huyo mwingine bila kipimo.